Kutoka Tanga kwenda kuonja mvinyo Dodoma wakati wa korona, mwaka 2021: hatari iko wapi hasa?

SWALI: Mimi ni mkazi wa Chumbageni, Tanga. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kina watu 14. Mwaka jana, 2020, tuliahirisha safari ya Dodoma kwenda kuona mashamba ya zabibu na kiwanda cha mvinyo kwa sababu ya korona. Sasa kiwanda kimetuambia kinapokea wageni tena. Tumepanga kwenda mwishoni mwa Septemba 2021 kwa Hiace ya kukodi na kulala siku mbili. Baba yangu ana miaka 68 na ana kisukari. Alifanya kazi Dodoma ujanani na amesema lazima twende naye. Mama mkwe wangu anasema tusiogope kitu, mvinyo unaua vijidudu kooni. Je, kwenda ni salama? Na tukienda, tujihadhari na nini?

JIBU: Dada, safari hiyo inawezekana, na mzee naye anaweza kwenda, mradi achanjwe mapema na mbadilishe mambo kadhaa kwenye mpango wenu. Safari yenu ni ya kiwandani, lakini kinachonitia wasiwasi kuliko vyote ni hiyo Hiace.

Kutoka Tanga hadi Dodoma kwa lami, mkipita Segera, Chalinze na Morogoro, ni karibu kilomita 600. Mkiwa na dereva mstaarabu, mkasimama kula na kujisaidia, mtatumia saa tisa au kumi, pengine zaidi. Muda wote huo mtakuwa watu 14, mzee na dereva wenu, mmebanana bega kwa bega, vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi, kiyoyozi kinavuma na hadithi haziishi. Kiwandani mtakaa saa mbili au tatu, na sehemu kubwa ya muda huo mtakuwa nje shambani. Ukijumlisha kwenda na kurudi, ndani ya gari mtavuta hewa moja kwa karibu saa 20. Ndiyo maana mtu akiniuliza kama ni salama kutembelea kiwanda cha mvinyo, huanza kwa kumuuliza atafikaje huko.

Mwaka 2020 sote tulifundishwa zaidi habari za mikono. Kila mlango wa duka pale Barabara ya 12 ulikuwa na ndoo ya maji tiririka na sabuni, na lilikuwa jambo jema, liendelee. Sabuni huvunja ganda la mafuta linalokifunika kirusi, kikafa. Lakini tangu wakati huo wataalamu wamejifunza mengi, na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilieleza wazi kwamba ugonjwa huu husambaa pia kwa chembe ndogo mno zinazotoka kinywani na puani, zikaelea hewani katika vyumba vyenye watu wengi na visivyopitisha hewa. Wewe ni mtu wa Tanga, unajua ukichoma udi sebuleni, muda si mrefu hata aliye chumba cha mwisho anausikia. Fungua madirisha ya pande mbili, upepo wa bahari ukapita, na harufu inapungua mara moja. Pumzi ya mgonjwa ndivyo inavyokwenda, ila yenyewe haina harufu ya kukushtua.

Uko mfano mmoja ambao nawasimulia wenye hoteli na vilabu kila nipatapo nafasi. Tarehe 24 Januari 2020, katika mgahawa mmoja mjini Guangzhou, China, familia tatu zisizofahamiana zilikula chakula cha mchana kwenye meza tatu jirani. Kati ya meza na meza palikuwa na nafasi ya kama mita moja. Ukumbi haukuwa na dirisha lililofunguliwa, kiyoyozi kilikuwa kikiizungusha hewa ile ile juu ya meza hizo. Mtu mmoja aliyetoka Wuhan alikuwa ameshaambukizwa bila kujua. Familia moja ilikaa karibu yake kwa dakika 53, nyingine kwa dakika 73. Mwisho wa habari, watu 10 kutoka meza hizo tatu walikutwa na ugonjwa. Kama dakika 53 zilitosha, fikiria saa kumi za barabarani.

Kwa hiyo anzeni na gari. Kwa maoni yangu, kodini Coaster badala ya Hiace, hata kama kila mwanachama ataongeza kidogo kwenye mchango wake. Mkiwa 15 kwenye Coaster mtaacha viti vitupu katikati, na kila mtu atakuwa na dirisha karibu yake. Madirisha yafunguliwe, angalau mawili ya mbele upande mmoja na mawili ya nyuma upande wa pili, ili hewa iingie huku na kutokea kule. Watu wa nyumba moja wakae pamoja. Mzee mwekeni penye dirisha lililo wazi, mbali na mlango ambako kila mtu hupita na kusimama. Dereva akitaka kuwasha kiyoyozi, mwambieni achague kile kitufe cha kuvuta hewa kutoka nje. Kiyoyozi cha gari mara nyingi huizungusha hewa ya ndani tu, na watu hufurahia ubaridi wakidhani wamepata hewa safi.

Barakoa zivaliwe njiani, na kila mtu awe na za akiba, maana ukitoka Tanga na joto letu hili, ukifika Muheza au Segera ya kwanza imeshaloa jasho, na barakoa iliyoloa haifanyi kazi vizuri. Kuhusu nyimbo, najua kikundi kama chenu hakisafiri kimya. Imbeni mkishuka. Mtu anayeimba au kupaza sauti hutoa chembe nyingi mara kadhaa kuliko anayepumua kimya, kwa hiyo zile saa za ndani ya gari ziwe za kupumzika. Chakula nacho kiliwe nje mkisimama, Chalinze au Morogoro, wala kisigawiwe ndani ya gari watu wote wakavua barakoa kwa pamoja.

Wengine watakushauri mpande basi la kawaida kwa kuwa mwaka huu wa 2021 abiria wanakaa levo siti, yaani kila mtu na kiti chake. Ni kweli hakuna wanaosimama, lakini mtakaa saa hizo zote karibu na watu msiowajua, wengine wakishuka na wengine wakipanda. Bora gari lenu.

Tuje kiwandani. Kwanza mwelewe kwa nini viwanda vya mvinyo duniani vilifunga milango, kwa sababu wengi wanadhani kulikuwa na shaka kwamba kinywaji chenyewe kinaambukiza. Haikuwa hivyo. Afrika Kusini ilizuia uuzaji wa pombe mara nne kuanzia Machi 2020, na zuio la nne liliondolewa tarehe 25 Julai 2021. Sababu kubwa ilikuwa kupunguza majeruhi wa ajali na ugomvi hospitalini ili vitanda vibaki kwa wagonjwa wa korona. Kule California, Marekani, Julai 2020 serikali ya jimbo iliamuru vyumba vya ndani vya kuonjea mvinyo vifungwe, lakini kuonjea nje kukaendelea kuruhusiwa. Huo uamuzi wa California ndio ninaotaka mwende nao: mvinyo ule ule, wageni wale wale, tofauti ni paa na kuta. Hapa kwetu wenye viwanda walijiamulia wenyewe, kila mmoja kwa wakati wake, ndiyo sababu mtakuta taratibu zinatofautiana kutoka kiwanda hadi kiwanda.

Nimefanya kazi ya kusimamia ubora wa vinywaji na afya za wafanyakazi viwandani, kwa hiyo nikueleze tendo lenyewe la kuonja lilivyo. Mhudumu anamimina kidogo, robo ya glasi au pungufu. Unaishika glasi kwenye shina lake, unaizungusha ili harufu ipande, kisha unaingiza pua ndani kabisa na kuvuta pumzi ndefu. Unapiga funda dogo, unalishika ulimini, unavuta hewa kwa midomo juu ya mvinyo ule hadi unatoa sauti kama ya mtu anayefyonza chai ya moto. Unaupitisha huku na huku, halafu unautema kwenye ndoo iliyo mezani. Kisha, na hapo ndipo penye shida, unageuka na kumweleza mwenzako ulichokisikia, kwa furaha na kwa sauti, uso kwa uso. Hakuna hatua hata moja kati ya hizo inayofanyika ukiwa umevaa barakoa. Na baada ya glasi ya tatu sauti zinapanda, viti vinasogezwa karibu, na wale waliokuwa makini asubuhi wanaanza kupeana glasi, "hebu onja na hii."

Ndiyo maana kabla hamjalipa fedha pigeni simu kiwandani muulize mtaonjea wapi. Mkijibiwa barazani, chini ya mti au kwenye banda lisilo na kuta, nendeni. Wakisema kwenye chumba chenye kiyoyozi, waombeni wawatolee meza nje. Dodoma mwezi wa tisa ni kikavu, hakuna mvua ya kuwafukuza, upepo upo wa kutosha, na jioni ni baridi kuliko mlivyozoea, kwa hiyo sweta zisisahaulike. Wakikataa kabisa, mimi ningewaambia tutatembea shambani na kununua chupa, kuonja tutaonja huko tunakolala, nje. Ulizeni pia kama siku hiyo kuna kundi jingine. Kiwanda kinachojali wageni wake kitawapangia saa yenu peke yenu. Asubuhi ni nzuri zaidi, tena ulimi unakuwa bado haujachoka.

Mezani, kila mtu awe na glasi yake tangu mwanzo hadi mwisho. Itieni alama, hata uzi wa rangi kwenye shina unatosha. Ile ndoo moja ya kutemea inayozungushwa mkononi isiwepo. Kila mtu apewe kikombe chake cha karatasi cha kutemea na akimwage mwenyewe. Glasi zilizooshwa kwa sabuni na maji ya moto hazina tatizo. Kaeni kwa mafungu ya nyumba zenu, watatu hapa, wanne pale, msipange meza moja ndefu ya harusi. Na mhudumu anapokuja kumimina na kueleza, vaeni barakoa zenu kwa dakika hizo. Yeye anainamia kila meza, anasikiliza kila swali, na kesho atawainamia wageni wengine kutoka mkoa mwingine. Ninyi mtarudi Tanga, yeye ataendelea kusimama palepale. Vibarua wa mavuno wako hivyo hivyo. Wanalala watu wengi chumba kimoja, na akiugua mmoja familia nzima inakosa kipato katikati ya msimu.

Kuna hatari nyingine ndani ya kiwanda isiyohusiana na korona, nayo watu wengi hawaijui. Mkienda wakati wa mavuno mtakuta matangi yanachachuka. Chachu inapokula sukari ya zabibu hutoa pombe na gesi ya kaboni dayoksaidi, na lita moja ya maji ya zabibu inaweza kutoa zaidi ya lita 40 za gesi hiyo. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutulia chini, kwenye mashimo na vyumba vilivyo chini ya usawa wa ardhi, na juu ya uso wa mvinyo ndani ya tangi. Huioni. Mtu akiinama ndani ya tangi kuchungulia anaweza kuzimia papo hapo, na wafanyakazi wa viwanda vya mvinyo wamekufa hivyo katika nchi mbalimbali, wengine wakiwa wameingia kumwokoa mwenzao. Msichungulie, msiteremke mahali ambapo mwenyeji hakutangulia, na mkisikia kichwa kinauma au pumzi inakuwa fupi, tokeni nje mara moja. Mahali pasipopitisha hewa kiasi cha gesi kukusanyika, na pumzi za watu hukusanyika pia. Kwangu mimi hiyo inatosha kuifanya sehemu hiyo ya ziara iwe ya dakika chache tu, mlangoni, mmevaa barakoa.

Muda mtakaouokoa humo ndani upelekeni shambani. Huko ndiko kwenye utamu wa safari hii, na ningependa mkae huko hadi mwenyeji awafukuze. Zabibu zilianza kushika mizizi Dodoma kwa jitihada za wamisionari wa Kikatoliki katikati ya karne iliyopita, na Bihawana ni miongoni mwa majina ya mwanzo kabisa katika historia hiyo. Leo utaikuta mizabibu Hombolo, Makutupora penye kituo cha utafiti, Mpunguzi barabara ya Iringa, na Chinangali upande wa Chamwino. Mji uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, mvua yake ni chache na inanyesha kati ya Desemba na Aprili tu. Kwa watu wa mahindi hayo ni mateso, lakini kwa mzabibu ni neema. Adui mkubwa wa mzabibu ni unyevu, unaoleta ubwiri kwenye majani na kuozesha vishada. Ndiyo sababu sisi wa pwani, pamoja na machungwa yetu ya Muheza na nazi zetu za Pangani, hatutengenezi mvinyo wa zabibu. Joto letu limelowa.

Huko Ulaya mzabibu hulala majira ya baridi na kuvunwa mara moja kwa mwaka. Dodoma haina baridi ya kuulaza, mkulima anauamsha mwenyewe kwa kuukata matawi na kuumwagilia, kwa hiyo anavuna mara mbili: mavuno ya kwanza mnamo Februari na Machi, ya pili Agosti na Septemba. Angalieni basi tarehe zenu. Mwishoni mwa Septemba mnaweza kukuta vishada vimeshakwisha na mkaonyeshwa majani. Pigeni simu muulize wanavuna lini hasa, na kama mnaweza kusogeza safari hadi katikati ya mwezi, sogezeni.

Mkiwa shambani mwombeni mwenyeji awaonyeshe Makutupora nyekundu, zabibu iliyopewa jina la mahali pale, na kando yake Chenin Blanc, zabibu nyeupe yenye asili ya Ufaransa iliyoizoea ardhi hiyo kana kwamba ilizaliwa hapo. Mwambieni awaonyeshe kile kifaa kidogo cha kupimia sukari. Anaminya tone moja la maji ya zabibu juu ya kioo chake, anakielekeza kwenye mwanga wa jua na kuchungulia, na mstari wa kivuli unamwambia kama avune leo au asubiri wiki moja. Akiwapa mkichungulie, futeni sehemu ya jicho kabla ya kumpa wa pili. Na zabibu za kwenye mti msichume na kula papo hapo. Zimepigwa dawa, mara nyingi salfa ya kuzuia ubwiri, na zina vumbi la miezi. Ombeni zilizooshwa. Wale wasiokunywa pombe katika kikundi chenu, na Tanga najua watakuwepo, hawatakosa lolote: kutembea shambani, kula zabibu na kunywa juisi yake kunatosha kuwa safari.

Nunueni kitu. Kilio cha soko la zabibu Dodoma ni cha miaka mingi, korona imekizidisha tu, na mkulima mdogo mwenye ekari moja au mbili hana tangi la kuhifadhia mazao yake. Kiwanda kikikosa wateja, zabibu zinamwozea mikononi. Chupa mtakazonunua kule zina maana kwake.

Sasa kuhusu mzee, na hapa naomba unisikilize vizuri. Umri wake na kisukari vinamweka katika kundi ambalo korona huliumiza zaidi. Chanjo ya korona ya Janssen ilizinduliwa nchini tarehe 28 Julai 2021, na watu wa miaka 50 na kuendelea pamoja na wenye maradhi sugu walikuwa miongoni mwa makundi ya kwanza. Ni dozi moja. Katika majaribio yake, siku 28 baada ya kuchomwa, ilizuia ugonjwa mkali kwa takriban asilimia 85. Hesabu mwenyewe: akichanjwa katikati ya Agosti, katikati ya Septemba atakuwa tayari. Akichanjwa siku mbili kabla ya safari, atasafiri akiwa karibu sawa na asiyechanjwa. Na ninyi wengine, nafasi ikifika kwa kila mmoja, chanjweni. Ngao ya mzee inakuwa nene zaidi anapozungukwa na waliochanjwa. Kama hatachanjwa, mimi ningemshawishi abaki, na ningemwambia hivyo ana kwa ana kwa heshima zote.

Kisukari na mvinyo ni suala la pili. Pombe huzuia ini kutoa sukari kwenye damu. Kama mzee anatumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari, vile vya aina ya glibenklamidi, kuonja akiwa na njaa kunaweza kuishusha sukari yake kupita kiasi, pengine saa nyingi baadaye, hata usiku akiwa amelala. Dalili zake ni jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa na ulimi mzito, na walio karibu hudhani amelewa tu wakamwacha alale. Hilo ndilo linaloua. Amwone daktari wa kliniki yake kabla ya safari amweleze wazi anakokwenda. Siku ya kuonja ale chakula cha kushiba kwanza, aonje na kutema, na mtu mmoja mzima wa kikundi awe naye macho jioni ile, mfukoni akiwa na glukosi au pipi. Mkisimama njiani atembee kidogo, damu ya miguu izunguke, na maji anywe ya kutosha, maana ukavu wa Dodoma humkausha mtu bila yeye kujua.

Mama mkwe wako mpe salamu zangu, umwambie kwa upole kwamba mvinyo hauwezi kazi hiyo. Vitakasa mikono vinavyoua kirusi vina pombe asilimia 60 au zaidi. Mvinyo una 12 hadi 14, na unapita kooni kwa sekunde chache, wakati kirusi kikishaingia kinazaliana ndani ya chembe za mwili ambako funda halifiki. Imani ya namna hiyo imeshaleta msiba: mwaka 2020 nchini Iran mamia ya watu walikufa baada ya kunywa pombe yenye sumu ya methanoli, wengi wao wakiamini itawakinga na korona. Vivyo hivyo kwa wanaosema tembo la mnazi ni kinga. Pale kilabuni kata moja huzunguka midomo kumi, na hiyo ni njia ya kuambukizana hata maradhi mengine kabla hujafika kwenye korona.

Jambo la mwisho ni la fedha, na naliona ni zito katika vikundi vya kuweka na kukopa. Kila mtu amechanga kwa miezi. Asubuhi ya safari mmoja ataamka na koo linawasha au kichwa kizito, naye atanyamaza, kwa sababu akisema mchango wake umepotea. Kaeni kikao sasa, kabla ya kulipa gari, mkubaliane kwamba atakayebaki kwa ugonjwa atarudishiwa fedha zake za chakula, malazi na kiingilio, na zile za gari ziingie kwenye mfuko wa kikundi. Iandikeni kwenye daftari. Asubuhi ile, kabla ya kupanda, kila mtu anuse kitu kikali cha jikoni, iliki au kitunguu saumu. Kupoteza harufu ghafla ni dalili mojawapo ya korona, na kwetu waonjaji ni dalili tunayoigundua mapema. Asiyesikia chochote abaki nyumbani. Anayesikia bado anaweza kuwa nao, kwa hiyo kipimo hiki kisiwavulishe barakoa, ila kinaweza kumbakiza nyumbani yule mmoja ambaye hakujijua.

Mkirudi, dalili zinaweza kujitokeza kati ya siku 2 na 14. Wiki mbili hizo wanaolea wazee au watoto wachanga wajitenge kidogo nao, na kikao cha kikundi kifanyieni uani. Akiugua mmoja aseme siku hiyo hiyo kwa wote waliokuwa garini, na mpige 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya. Aliye na pumzi fupi au kifua kinachobana asisubiri simu, apelekwe hospitali.